Awiti Alifika Kliniki Alhamisi

Landless, Thika
Jumanne, 9 Septemba 2025

Becky,

Wewe huna haya. Huna haya hata kidogo, na hao waliokuajiri hawana pia. Tangu lini kliniki ikaita mtu aliye chini ya udongo aje apimwe presha?

Leo asubuhi simu ya Awiti imelia. Ndiyo, bado ninaiweka chaji. Ni simu ya dada yangu na haikuhusu. Nilifikiri ni watu wa chama chake cha kuweka akiba. Nikavaa miwani, nikasoma polepole: "Habari Awiti. Kliniki yako ni Alhamisi tarehe 11. Njoo na dawa zilizobaki." Dawa zilizobaki! Kwani huko alikoenda wamefungua duka la dawa?

Kile kitabu chake cha kliniki, cha jalada la bluu, nilikiweka kwa jeneza na mkono wangu, chini ya mto, ndio mtu asimsumbue tena. Watu wote wa nyumbani waliona. Wewe hukuona kwa sababu hukuja. Ulituma maneno eti mko kazi ya kuingiza mafaili kwa kompyuta na ruhusa hakuna. Nyanya yako mdogo, Dani Awiti, anawekwa chini kule nyumbani, wewe uko Ruiru unaandika majina ya watu wanaokohoa. Nilisema siku ile na bado nasema: mlango wangu usiujue mpaka nikuite. Simu yako pia sitashika, kwa simu wewe hujua kulia tu. Kama una la kusema andika, umpe Calvince wa gari la mkate. Yeye hupita hapa kila asubuhi na huko kwenu kila jioni, na hasomi barua za watu.

Waambie wafute hilo jina. Kama hawawezi, niambie mkubwa wao ni nani, nimfuate na miguu yangu hii.

Usiniulize afya. Mimi sina ugonjwa. Ni kizunguzungu kidogo tu, na hilo ni jua.

Dani yako,
Akoth


Gitothua, Ruiru
Jumatano, 10 Septemba 2025

Dani wangu,

Habari ya huko. Calvince amenipa barua yako huku akicheka, akasema ulimwonya akiifungua utamlaani mpaka tairi zake. Nimeisoma mara mbili. Kwa mazishi sina la kujitetea. Nilikosea.

Lakini niruhusu nikueleze hii mashine, kwa sababu haikukusudia kukuumiza.

Zamani ugonjwa wako ulikuwa kwenye kile kitabu ulichobeba kwa mfuko. Kikinyeshewa, au mtoto akichora ndani, daktari alianza kukuuliza upya kama hajawahi kukuona. Sasa ukifika dirishani unataja nambari ya simu tu, na faili linafunguka. Mna jina lako, mwaka uliozaliwa, urefu, uzito, presha na sukari ya kila mwezi, dawa unazomeza na zile zilizowahi kukuvimbisha uso. Mna hata yale uliyomwambia sista kwa mdomo wako. Kinachoandikwa tawi la Thika, sisi hapa Ruiru tunakisoma papo hapo. Mwezi wa tano baba mmoja wa Membley aliletwa hapa hawezi kusema. Sista alikuwa ameshavuta dawa kwa sindano. Tulipoingiza nambari ya simu yake, mstari mwekundu ukatokea: penisilini itamuua. Sista aliirudisha sindano kwenye trei, Dani, akaketi chini.

Ila mashine haisikii matanga. Inajua ulichoiambia tu, na hakuna aliyeiambia habari ya Dani Awiti. Hizo meseji hujituma zenyewe. Nipe nakala ya kibali cha mazishi nami nitafunga faili lake siku hiyohiyo.

Na wewe, kliniki yako ya presha ulienda lini mara ya mwisho? Hicho kizunguzungu sikipendi.

Mjukuu wako,
Becky


Landless
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Becky,

Umenieleza mashine vizuri, kama mwalimu. Sasa nieleze hii.

Alhamisi saa kumi jioni simu ya Awiti imelia tena. "Asante Awiti kwa kufika leo. Kliniki ijayo ni tarehe 9 Oktoba." Kufika! Nani amefika? Hiyo si meseji ya kujituma yenyewe, nyakwara, mjukuu wangu. Ya kwanza inamwita mtu, sawa, mashine ni jinga. Hii ya pili inasema imemwona.

Nimeangalia nyuma kwa simu. Mwezi wa saba iko moja ya asante. Mwezi wa nane iko moja. Sikuwa nimezifungua.

Kuna mtu anatembea Thika hii na jina la dada yangu.

Nitakuambia jambo lingine na usimwambie mtu, hasa huyo mama yako anayependa kuniombea. Hiyo Alhamisi mimi sikutoka nyumbani. Nilikaa kwa kiti baada ya chai nikalala, na nilipoamka nimelowa jasho kama mtu aliyechota maji. Nilikuwa na viatu. Viatu vya kanisa. Kile kitambaa cha Awiti cha maua, ambacho nilikunja kwa sanduku na kufunga kufuli, kilikuwa kinaning'inia kwa msumari. Panya anakula nguo, hafungui kufuli. Mezani kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kitupu, kimoja kimenywewa nusu, na hiyo nusu ilikuwa na maziwa mengi. Mimi sinywi maziwa mengi. Unajua ni nani alikuwa anakunywa hivyo.

Halafu Mama Tabby, huyu jirani wa mlango wa pili, ananiuliza, "Mama, ulikotoka kulikuwa na watu wengi?" Nikamwambia sijatoka mahali, awachunge kuku wake aache kuchunga watu. Akaniangalia vibaya.

Kibali cha mazishi kiko kwa sanduku na hakitoki. Ukitaka karatasi, kwanza niambie ni nani huyo.

Akoth


Gitothua
Alhamisi, 18 Septemba 2025

Dani,

Nimechukua siku nyingi kwa sababu si ruhusa kwangu kufungua faili la ndugu. Mkono ukishika faili, mashine inaandika ni mkono wa nani. Ilibidi niende kwa Daktari Madhuri, mwenye kliniki, nimwambie ukweli. Akafunga mlango, tukafungua naye.

Dani Awiti amefika kliniki ya Thika mara tatu tangu azikwe. Tarehe 10 Julai, 14 Agosti, 11 Septemba. Kila mara ni Alhamisi yake. Amepimwa. Amepewa vidonge vya presha na vya sukari. Sukari yake imekuwa ikishuka: sita nukta moja, nne nukta sita, halafu wiki jana tatu nukta nne, na hiyo ni ya chini kabisa. Aliyemhudumia ni Sista Mwelu. Yeye ni mgeni, alikuja Julai, hakuwahi kumjua. Nakuandikia alivyoandika yeye, neno kwa neno, kwa sababu umeuliza ni nani.

Julai: "Mama mtulivu. Alikosa kliniki ya Juni, anasema alikuwa safarini."

Agosti: "Hakubali mtu akae kando yake kwenye benchi. Anasema nafasi ni ya dada yake, anakuja nyuma."

Septemba: "Anatokwa na jasho, anatetemeka. Nimempa soda, ametulia. Nimemwambia ameze nusu kidonge na mwezi ujao aje na mtu wa nyumbani. Anasema aliumwa kifua Jumatatu, dada yake akamwambia angoje Alhamisi, siku ya kliniki. Nimemwuliza ni Jumatatu gani. Ameomba dawa zake."

Nilimpigia simu Sista Mwelu. Anasema ni mama mpole sana, hapandishi sauti, na akiitwa jina huinuka mara moja kama mtoto wa shule. Nikamwuliza anafananaje. Akasema, "Kwani si anafanana na picha?" Picha iliyo kwenye faili ni ya Dani Awiti, ile tuliyopiga mwaka jana.

Dani, Dani Awiti alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni. Nani alijua kwamba kifua kilianza Jumatatu?

Becky


Landless
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Wewe mtoto,

Usiniulize maswali kama polisi. Mimi ndiye ninayeuliza.

Hayo maneno ya Jumatatu nani aliyatoa nje? Kwa hii nyumba tulikuwa wawili. Mimi na yeye. Pazia imefungwa, redio imezimwa. Watu wa matanga niliwaambia alienda ghafla, alikuwa anachambua dagaa wa omena akaenda, basi. Pasta nilimwambia hivyo. Mama yako nilimwambia hivyo. Sasa sista mgeni wa juzi, msichana wa Ukambani ambaye hajui hata mlango wetu uko wapi, anaandika kwa mashine maneno ya chumba changu!

Huyo si mwizi. Mwizi anaweza kuiba jina, hawezi kuiba Jumatatu.

Nimefanya yangu. Ijumaa kabla ya kulala nilimwaga unga wa mahindi pale mlangoni, mweupe vizuri, nione miguu ya anayeingia. Asubuhi hakuna mguu. Hakuna hata unga. Umezolewa wote, umechekechwa, umerudishwa kwa mkebe na kifuniko kimekazwa. Sakafu imepanguswa na kitambaa chenye maji. Nimekaa chini hapohapo, nikashika kichwa. Mimi Akoth nikimwaga unga nawarushia kuku. Ni Awiti peke yake alikuwa hawezi kuona unga umelala chini.

Na komeo lilikuwa limefungwa kutoka ndani.

Pasta nisimwite. Akija atapiga kelele, na kama ni yeye, atamfukuza. Umesikia? Sitaki afukuzwe. Nataka kujua kwa nini anaenda huko kwa masista badala ya kukaa hapa aniambie mimi usoni.

Tafuta kwa hiyo mashine. Mashine inayoandika kila kitu lazima imeandika na hilo.

Akoth


Gitothua
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Dani wangu mpendwa,

Nakuomba ukae chini kabla ya kusoma. Ukikasirika, nikasirikie mimi, barua usiichome.

Nimepata. Ni kitu kidogo, na hakuna aliyekiona kwa sababu wote huangalia sukari na presha. Ni urefu. Dani Awiti tangu tumwingize kwenye mashine alikuwa sentimita mia moja hamsini na mbili. Mwaka mzima, hamsini na mbili. Tarehe 10 Julai amepimwa akawa sitini na moja. Agosti sitini na moja. Septemba sitini na moja.

Mtu haongezeki sentimita tisa akiwa kaburini.

Basi nikamwomba Daktari Madhuri tufungue faili lako. Urefu wako, Dani, ni mia moja sitini na moja. Na tangu Mei faili lako ni jeupe. Hakuna presha, hakuna dawa, hakuna neno. Mtu asiyetujua akifungua hii mashine atasema Awiti yuko hai na anahudhuria vizuri, na dada yake Akoth ndiye aliyekufa.

Landless nzima iliwaita mapacha. Wewe ndiye unayeshika simu yake. Dirishani wanauliza nambari ya simu, nambari inafungua faili, karani anasoma jina, na jina linaitikiwa.

Sisemi umerukwa na akili. Sikiliza anachosema daktari. Wewe huna ugonjwa wa sukari. Kile kidonge cha Dani Awiti ni cha kushusha sukari, na kwa mtu ambaye yake iko sawa kinaivuta mpaka ubongo unakosa chakula. Mtu anatokwa na jasho, anatembea, anaongea, anachekecha unga, na akiamka hakumbuki. Siku moja haamki. Dani, kwenye hicho kikopo cha dawa, ni vidonge vya nani unavyomeza asubuhi?

Jana Jumapili nilikuja. Najua ulinikataza. Nilibisha, na kutoka ndani sauti ikaniambia polepole, "Akoth ameenda kanisani, mama. Rudi baadaye." Ilikuwa sauti yako, lakini haikuwa na ukali. Nilikaa kwenye ngazi mpaka saa kumi na mbili na mlango haukufunguliwa. Leo asubuhi nimemtuma Calvince akuombe hicho kikopo. Anasema umemrushia kandambili.

Tumeweka mstari mwekundu kwenye faili la Awiti: akija, asipewe dawa, apimwe sukari, Ruiru ipigiwe simu hapohapo. Lakini usingoje Alhamisi. Mwaga hivyo vidonge leo. Nitakuja kesho kutwa na mama, na tutavunja komeo ikibidi.

Wako,
Becky


Landless
Alhamisi 9 Oktoba

Becky mtoto mzuri,

Mmekuja jana na mama yako mkagonga sana, Mama Tabby akawaambia hakuna mtu, mkaondoka. Poleni. Hatukuwa tunasikia vizuri.

Dada amekasirishwa na barua yako, ameitia kwa jiko. Usimgombeze. Yeye hupiga kelele kwa sababu anaogopa, tangu utotoni ni hivyo. Mbwa akibweka, yeye ndiye alikuwa anambwekea mbwa, halafu mimi ndio ninamshika mkono.

Mimi naenda kliniki, leo ni siku yangu. Nimemwambia tutoke pamoja, amesema nitangulie. Nitamwekea nafasi. Kifua kimepungua, ni baridi tu kwa mikono.

Calvince anaingoja hii barua mlangoni. Ameniambia "Asante, Mama Akoth," nami sikumrekebisha, ni kijana mzuri.

Kula vizuri. Unajua ulikuwa unapenda utando wa maziwa.

Ni mimi,
Awiti


Kliniki, Ruiru
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Dani,

Umelala. Ninaiacha hii chini ya gilasi, sista amesema ukiamka utaweza kusoma mwenyewe, na hutaki kusomewa kama kipofu.

Uko Ruiru, kwenye kitanda cha kliniki yetu, na hakuna aliyekufunga. Alhamisi ulifika Thika saa tatu. Ulitaja nambari, mstari mwekundu ukatokea, na Sista Mwelu hakungoja. Sukari yako ilikuwa mbili nukta moja. Alikuwa bado anatafuta mshipa ulipoanguka. Anasema kama ungepewa vidonge vya mwezi mwingine na kuambiwa uende nyumbani, tungekuwa tunaongea mengine leo. Nilipofika ulikuwa umefungua macho. Ulinishika shavu ukaniita Nyar Chak, msichana wa maziwa. Ni Dani Awiti peke yake aliyewahi kuniita hivyo, na ilikuwa kabla sijaanza shule. Nilitoka nje kwanza ndio niweze kurudi.

Vidonge vyote tumevichukua. Vya miezi mitatu, na kopo lilikuwa karibu tupu.

Sasa kuna kazi na siwezi kuifanya bila wewe. Zile kliniki tatu na hii ya nne lazima zihamishwe kwenye faili lako, kwa sababu ni mwili wako uliopimwa. Zikibaki kwa Awiti, daktari wa kesho atakuwa anatibu mtu ambaye hayuko na anamsahau aliyepo. Lakini Daktari Madhuri anataka kujua jambo moja kabla hajaandika. Mara ya kwanza, tarehe 10 Julai, ulikuwa hujameza hata kidonge kimoja cha sukari. Kwa hivyo siku hiyo si sukari iliyosema wewe ni Awiti.

Anahitaji kujua giza lilianza na vidonge au lilikuwepo kabla. Ni hilo litakaloamua kama unaweza kukaa Landless peke yako.

Niambie, Dani. Ulienda kufanya nini?

Becky


Kliniki, Ruiru
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Becky,

Kwanza, mmenibeba kwa machela mbele ya watu wa Thika nguo ya ndani ikionekana. Hilo sitalisahau. Pili, chakula cha hapa hakina chumvi na huyo anayepika aambiwe. Tatu, nimekataa kuandika siku nane kwa sababu nilikuwa nakasirika, sasa nimechoka kukasirika. Nisikilize mara moja na usinirudishe nyuma.

Tarehe 10 Julai nilikuwa na akili yangu yote. Nilienda kuwaambia. Nilikuwa na kibali cha mazishi kwa mkoba, nimekikunja vizuri, nimejifunza na maneno ya kusema njiani. Karani, msichana mmoja mwenye kucha nyekundu, hakuinua kichwa. "Nambari ya simu?" Nikataja ile iliyokuwa kwa mkono. Akaangalia kioo chake, halafu ndio akaniangalia mimi na akatabasamu. "Awiti! Karibu mama. Tulikuwa tumekungoja mwezi jana."

Tulikuwa tumekungoja.

Mwezi mzima hakuna mtu alikuwa ametaja jina lake hivyo, kama mtu anayeweza kuingia mlangoni. Watu walikuwa wanasema marehemu. Mimi nilifungua mdomo niseme ameenda. Mdomo ukasema, "Niko." Nikaketi. Wakanipima. Wakamwuliza Awiti anaendeleaje nami nikawajibu anaendelea vizuri. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo kama msichana. Vidonge nilivimeza kwa sababu dawa ya mtu haitupwi, na kwa sababu nilifikiri nikivimeza kwa saa yake, kuna kitu kitakuwa kinaendelea.

Hiyo ya mara ya kwanza ni mimi. Agosti sijui. Septemba sijui. Unga sijui, Becky, naapa kwa aliye juu. Ile barua ya Alhamisi umenionyesha, mwandiko ni wangu, na mkono wangu haukumbuki.

Sasa hili lingine. Jumatatu tarehe 9 Juni Awiti aliniambia kifua kinamfinya. Nilikuwa naosha sufuria. Nikamwambia kliniki yako ni Alhamisi, kwa nini unataka kwenda leo ukafukuzwe kama mtu asiyejua siku yake? Sisi si watu wa kukimbilia madaktari bila kuitwa. Jumanne akasema tena. Nikamwambia unapenda kudekezwa. Nilisema hivyo, kwa hii sauti yangu mnayoijua nyote. Hakusema mara ya tatu. Jumatano akavaa vizuri, akaketi kwa kiti chake kungojea Alhamisi.

Sikumwambia mtu. Lakini inaonekana nilikuwa naenda kwa Sista Mwelu kila mwezi namwambia, na sijui kama aliyekuwa anasema ni mimi nikijishtaki, au ni yeye akinishtaki. Nimelala hapa siku kumi bila kile kidonge. Sukari yangu leo asubuhi ni tano nukta nne, wameniambia ni ya msichana. Na jana mtu wa chama alipiga ile simu, akauliza, "Ni Awiti?" nami nikiwa macho kabisa, nimekaa, miwani kwa uso, nikasikia mtu akimjibu, "Ndiyo, mimi." Ilikuwa sauti nzuri, ya upole. Nikaangalia kushoto kuona nani aliyeongea.

Kwa hivyo mwambie huyo Daktari Madhuri giza lilikuwepo kabla. Mwambie mimi ndiye niliyelifungulia mlango. Landless sitarudi peke yangu, na usilie nikisema hivyo.

Sasa fanya hivi, na ufanye kesho kabla ya chai. Kibali cha mazishi kiko kwa sanduku langu, ufunguo amebaki nao Mama Tabby tangu niletwe huku, mwambie nimemsamehe habari ya kuku. Ukilete hapa na mje na hiyo mashine mpaka kwa kitanda changu. Ufungue faili la dada yangu mbele yangu. Uondoe ndani kila kilo na kila sentimita ambayo ni yangu, uirudishe kwa jina langu. Halafu uandike kwamba aliumwa kifua Jumatatu, akasema, akasema tena Jumanne, na aliyemwambia angoje ni Akoth dada yake mkubwa. Usipunguze. Usiweke neno tamu. Ukimaliza, unishike mkono kwa nguvu, unisomee kwa sauti, polepole, mpaka nisikie jina Awiti na neno amekufa katika pumzi moja. Na mtu yeyote akiitikia, usiache kusoma.

Akoth